Shimo la Mario Halihami

Somo la wiki: familia na vijana
Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya ushirika: Zekaria 8:4-5, 1 Wakorintho 9:24-27, 1 Wakorintho 13:11, Methali 13:11



Wiki hii tunaongea juu ya gemu. Zile za kwenye tivi, za simu, na kile kidude cha kushika mkononi tulichokiita Brick Game. Najua kuna mzee ambaye ameshaanza kutafuta ukurasa wa matangazo. Mzee wangu, kaa kidogo. Somo hili ni lako pia, kwa sababu shamba litakalotajwa huko mbele huenda likafanana na lako.

Tuanze na nabii Zekaria. Bwana alipotaka kumwonyesha Yerusalemu uliopona, hakumwonyesha majeshi wala hazina. Alimwonyesha wazee waliofika uzeeni wakiwa hai, na watoto wakicheza barabarani. Hiyo ndiyo picha ya amani machoni pa Mungu. Sisi wa Burnt Forest tunaielewa kuliko watu wengi. Mwisho wa 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, kulikuwa na siku ambazo hapa kwetu hukuona mtoto akicheza kando ya njia, na kila mtu alijua maana yake. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba mtoto anayecheza anapoteza wakati tu. Swali letu leo ni lingine: kile alichocheza kiliufundisha nini mkono wake na moyo wake, na mafunzo hayo yalienda wapi alipokua?

Tulichocheza

Kama ulizaliwa kati ya 1980 na 1995 hivi, ulikuta kwanza michezo ya mtaani. Bano, brikicho, gari la waya lenye usukani mrefu, mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ya katani. Kisha zikaja za betri.

Brick Game ilikuwa nakala ya Tetris, gemu iliyotungwa Moscow mwaka 1984 na mtaalamu wa kompyuta anayeitwa Alexey Pajitnov. Kwenye boksi iliandikwa kwamba kuna gemu 9999 ndani. Ukikaa nayo wiki moja unagundua ni chache tu, zimebadilishwa mwendo na hesabu ya mwanzo. Hata hivyo hatukulalamika. Kidude kimoja kilizunguka darasa zima, na betri zikianza kuisha tuliziuma kwa meno au kuzianika juani.

Kwenye nyumba zilizobarikiwa kulikuwa na mashine ya gemu ya tivi. Tivi yenyewe mara nyingi ilikuwa Great Wall, nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa boma nyingi huku juu hazikuwa na stima, iliendeshwa na betri ya gari iliyopelekwa kuchajiwa senta. Mashine tuliyokuwa nayo haikuwa ya Nintendo hasa. Ilikuwa ya kuigiza, yenye kaseti za manjano, lakini ndani yake mlikuwa na Mario yule yule aliyetoka Japani mwaka 1985, na Contra ya Konami ya mwaka 1987. Gemu hizo hazikuwa na mahali pa kuhifadhi ulipofika. Betri ikilala ukiwa dunia ya nane, kesho unaanza dunia ya kwanza. Na betri isipolala, baba anaingia saa moja jioni kutaka taarifa ya habari, na mambo yanaishia hapo.

Halafu simu. Mwaka 1997 Nokia iliweka gemu ya nyoka ndani ya simu zake, kazi ya mhandisi wa Ufini anayeitwa Taneli Armanto. Wengi wetu tulimjua nyoka huyo baadaye, kwenye mulika mwizi, ile Nokia 1100 ya mwaka 2003. Simu ilikuwa ya mama, na chaji ilikuwa ya kununua.

Na mwisho PS. Hapo sasa tuliingia kwenye kibanda cha mabati chenye tivi mbili au tatu, benchi, pazia la gunia mlangoni ili mwanga usiingie, na foleni. Nitarudi kwa kibanda hicho.

Mkono haukusahau

Hebu fanya jaribio hili baada ya ibada. Tafuta mwanamume wa miaka arobaini aliyekulia karibu na kaseti za manjano, umwulize mstari wa kukariri wa Jumapili iliyopita. Atakohoa. Sasa mwulize namna ya kupata maisha thelathini katika Contra. Ataitikia bila kufikiri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Na vidole vyake vitasogea.

Siandiki haya kumwaibisha mtu. Nataka tuone jinsi mtu anavyofundishika. Ile njia ya mkato iliwekwa na mtengenezaji wa gemu wa Kijapani, Kazuhisa Hashimoto, mwaka 1986 kwenye gemu nyingine ya Konami, kwa sababu yeye mwenyewe aliiona ni ngumu mno kuijaribu mpaka mwisho. Aliaga dunia Februari 2020, na vidole vya watu duniani kote bado vinamkumbuka. Kitu ukikirudia ukiwa mtoto, kwa furaha, pamoja na rafiki, kinakaa. Walimu wetu wa Sunday school, mnasikia? Furaha, rafiki, na kurudia.

Kuna hatua moja katika Contra ambayo nimekuwa nikiifundisha kwenye semina za ndoa na za familia, na watu hucheka, kisha wananyamaza. Ni hatua ya tatu, ile ya maporomoko ya maji. Huko hukimbii kwenda mbele, unapanda juu, ukiruka kutoka jiwe hadi jiwe. Mko wawili. Sasa skrini ni moja, na inamfuata aliye juu. Yule wa mbele akipanda haraka bila kuangalia nyuma, picha inapanda naye, na mwenzake aliye chini anaachwa nje ya skrini. Anakufa. Hakupigwa risasi na adui, na wala hakukosea. Amekufa kwa sababu ndugu yake alipanda.

Watoto wa miaka tisa waliijua sheria hii. Walikuwa wakipigiana kelele: ngoja, ngoja, bado nakuja! Na aliyekataa kungoja alinyang'anywa padi. Nani kati yetu hajaona jambo hili likitokea kwenye boma la kweli? Ndugu wa kwanza anapata kazi mjini, anapanda, na anapopanda skrini ya familia inapanda naye: karo, hati ya shamba, maamuzi yote. Wa chini hakuchukiwa na mtu. Aliachwa tu nje ya picha. Na hapa kwetu, ambapo jamii zaidi ya moja zinalima kuvuka ua mmoja na kuuza viazi kwenye soko moja, jambo hili ni kubwa kuliko boma. Jirani anayepanda anapaswa kuuliza jirani wa chini amefika wapi.

Nina hakika kabisa kwamba kushika padi kwa zamu kulifanya kazi hapa ambayo hotuba nyingi hazikufanya. Kwenye benchi la PS hakuna aliyeuliza kijana anaongea lugha gani nyumbani. Waliuliza unachagua timu gani.

Waliotuonya

Ni haki tuseme na upande wa pili. Miaka ile wahubiri wengi walifunga mada kwa neno moja: hizo ni za shetani. Kulikuwa na sababu ya hofu. Mortal Kombat ilipotoka mwaka 1992 na damu yake, hata Marekani maseneta waliketi mwaka uliofuata kuijadili, na mwaka 1994 ikaanzishwa bodi ya kuandika juu ya kila gemu inafaa umri gani. Kisha mwaka 2004 ikaja Grand Theft Auto: San Andreas. Kwenye vibanda vyetu ilichezwa na watoto wa darasa la tano, waliokuwa wameandika njia zake za mkato kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu. Katika gemu hiyo unaiba magari, unapiga watu, na wanawake wanaonyeshwa kwa namna ambayo haifai. Hiyo si gemu ya mtoto, na mzazi anayeikataza yuko sawa.

Lakini je, ilitengeneza wezi? Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitoa tamko mwaka 2020 kikisema ushahidi hautoshi kusema gemu za vita ndizo zinazosababisha watu kufanya ukatili mkubwa. Kilichoonekana ni uhusiano mdogo na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana. Shirika la Afya Duniani nalo limeweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022. Hata hivyo halimwiti mtu mgonjwa kwa sababu anapenda kucheza. Linaangalia kama gemu imemshinda, imekula shule, kazi na usingizi wake, na hali hiyo kwa kawaida imedumu mwaka mzima au zaidi.

Maoni yangu ni haya. Neno "za shetani" lilisemwa kwa upendo, lakini liliwaacha watoto bila mtu wa kuuliza. Mtoto aliyejua kanisa halitaki kusikia habari za PS alinyamaza, akaendelea kucheza. Na wakati tuliokuwa tukitazama damu kwenye skrini, hatari yenyewe ilikuwa inaingia kupitia mlango mwingine, taratibu, bila damu yoyote.

Tusisahau pia kwamba wengine walitoka kwenye michezo hiyo na riziki. Mkenya Wesley Kirinya alianza kutengeneza gemu zake mwenyewe, The Adventures of Nyangi, kisha mwaka 2009 akashirikiana na Mghana, Eyram Tawia, kuanzisha Leti Arts. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kucheza Tekken huku akisomea sheria. Na mafundi wa simu wa hapa senta, waulize wengine walianzia wapi. Utasikia habari za Brick Game iliyofunguliwa kwa kisu cha jikoni.

Anayeshindwa ndiye analipa

Sasa turudi kwenye kibanda cha mabati. Mechi moja ya mpira ilikuwa shilingi kumi, baadaye ishirini. Mwanzoni kila mtu alilipia zamu yake. Kisha ikaingia kanuni ambayo kila kijana wa wakati ule anaijua: anayeshindwa ndiye analipa, mshindi anabaki. Mwenye kibanda aliipenda kwa sababu foleni haikuisha. Vijana waliipenda kwa sababu aliye hodari angeweza kucheza mchana kutwa kwa shilingi kumi.

Wapendwa, hapo mchezo ulibadilika jina bila kubadilika sura. Bado ilikuwa mechi ile ile, lakini sasa kulikuwa na pesa inayotoka mfukoni mwa mmoja kwa sababu ya bao. Ilikuwa kidogo, na ujuzi bado ulikuwa na kazi. Lakini moyo ulishaonja.

Kisha mambo mawili yakakutana. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na pesa ikawa ndani ya simu. Baadaye simu za intaneti zikashuka bei, na kufikia mwaka 2014 na kuendelea kampuni za kubeti zilikuwa kwenye redio, kwenye jezi, kwenye kuta za maduka. Kijana aliyekulia kwenye benchi la PS hakuhitaji kufundishwa lolote. Anajua timu, anajua wachezaji, anajua ile joto ya dakika ya themanini na tisa. Na kwenye simu hiyo hiyo sasa kuna ile ya ndege: ndege inapaa, hesabu inapanda nayo, na unatakiwa kutoa pesa yako kabla haijapotea. Ina rangi, ina mlio, ina mwendo. Inafanana kabisa na kitu alichocheza akiwa na miaka kumi.

Mama mmoja alikuja ofisini na kijana wake. Nimebadilisha mambo kadhaa ili wasijulikane. Kijana alikuwa amepewa pesa ya mbegu ya viazi na mbolea, pesa ya msimu mzima, na ilikuwa imeenda yote kwa wiki mbili.

Mama akasema, "Pastor, shida yangu si pesa peke yake. Huyu ananiambia alikuwa karibu kushinda. Kila siku yuko karibu. Mimi nimechoka na hiyo karibu."

Kijana hakuwa mlevi wala mvivu. Akaniambia kwa heshima kabisa, "Pastor, si bahati nasibu vile mnadhani. Ukiangalia kwa muda, unajua mtindo wake. Ni kama gemu. Unajifunza."

Nikamwuliza kama aliwahi kucheza Mario. Akatabasamu. Alikuwa bingwa wa mtaa wao.

"Shimo la kwanza kabisa liko wapi?"

"Ukishapita yale mabomba ya kijani," akasema.

"Ukicheza leo?"

"Hapo hapo."

"Na ukicheza mwaka ujao, kwa tivi ya mtu mwingine?"

"Pastor, shimo halihami."

"Na ndege ya jana usiku, ilipotelea kwa hesabu gani?"

Akafikiri. "Hiyo haijulikani. Kila saa ni tofauti."

Tukanyamaza sote. Mama yake ndiye aliyesema, "Basi umejifunza nini, baba?"

Ndiyo maana ya kichwa cha somo hili. Gemu ya Mario ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa na haki ndani yake. Shimo liko pale pale, kasa anatoka pale pale. Ukianguka mara ishirini, mara ya ishirini na moja unajua uruke lini. Kushindwa kulikuwa mwalimu, kwa sababu yale uliyojifunza jana bado ni kweli leo. Watoto wa Burnt Forest walipata imani kubwa hapo bila kujua: nikirudia nitaweza. Imani hiyo ni nzuri. Ndiyo inayomrudisha mtu kwenye mtihani wa KCSE mara ya pili, ndiyo inayomrudisha mkulima shambani baada ya baridi kuunguza viazi.

Lakini katika ile ya ndege, mahali pa kuangukia huchaguliwa upya na mashine kila mzunguko, kwa kubahatisha, na mzunguko wa jana hauna neno lolote la kuuambia wa leo. Hakuna mtindo. Ukirudia mara mia hujawa hodari, umekuwa maskini. Imani ile ile iliyojengwa na Mario, "nikirudia nitaweza," inachukuliwa na kutumiwa mahali ambapo si kweli. Huo ndio wizi wenyewe, kabla hata pesa haijatoka.

Na ile ya kuunganisha mechi nyingi? Mtu husema, nilikosa moja tu, kwa hiyo niko karibu. Hebu tupige hesabu. Tuseme umechagua mechi 10, na wewe ni mjuzi kweli, kila moja una nafasi 70 kwa 100 ya kupatia. Kupatia zote 10 pamoja ni 0.7 ikizidishwa yenyewe mara 10, ambayo ni kama nafasi 3 kati ya 100. Na kukosa moja tu, kamili moja? Ni kama 12 kati ya 100. Maana yake, hata mjuzi atakosa kwa mechi moja mara nne zaidi ya vile atakavyoshinda. "Kukosa moja" si mlango wa ushindi. Ndivyo hesabu ilivyo siku zote, wiki hii na mwaka ujao. Mwenye kampuni anaijua. Ni kijana ambaye haijui, na kila Jumatatu anajiona amefika mlangoni.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mbio, na alijua anaandikia nani, kwa sababu michezo mikubwa ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili. Hakuwakemea kwa kutazama mbio. Alichukua kile walichokipenda, akawauliza mazoezi yao yanawapeleka wapi, na akasema yeye hakimbii kama asiyejua aendako wala hapigi ngumi hewani. Kubeti ni kupiga ngumi hewani na kulipia kila ngumi. Na ukitoka kwa Paulo nenda Methali 13:11, inayolinganisha mali ya haraka na ile inayokusanywa kidogo kidogo kwa mkono. Nambari ni 13:11, sawa na ile ya Wakorintho wa Kwanza kuhusu kuacha ya kitoto. Ni rahisi kukumbuka zote mbili.

Kijana yule, mpaka ninapoandika haya, bado ana deni. Anachimba viazi vya watu kwa siku, na pesa ya kupanda sasa inashikwa na mama. Aliandikia kampuni wafunge akaunti yake. Amerudi nyuma mara moja, akaja kusema mwenyewe. Tunamwombea, na tunatembea naye. Kama ni wa boma lako, usimtangaze sokoni.

Kwa wazazi, maneno machache

Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti. Lakini simu haijui mtoto ana miaka mingapi kama imesajiliwa kwa kitambulisho cha baba. Angalia simu yako, na uangalie ujumbe wa M-Pesa wa wiki iliyopita mkiwa pamoja na mtoto, bila kelele.

Kisha keti naye acheze. Sisemi ukae kama polisi. Mwambie akufundishe. Utashindwa vibaya, na atafurahi sana, na katika furaha hiyo atakuambia mambo ambayo ukiuliza mezani hayatoki. Mwulize swali moja tu kuhusu kila gemu: hapa, nikirudia, ninakuwa hodari kweli, au ninalipa tu? Mtoto wa miaka kumi anaweza kulijibu. Gemu nyingi za simu siku hizi zina masanduku ya kununua kwa pesa ambayo hujui ndani mna nini mpaka ulipe. Hizo ni za aina ya ndege, hata kama zimechorwa wanyama wazuri.

Wazee, ninyi mlicheza bao. Mnajua kuhesabu mashimo na kungoja zamu. Wafundisheni. Bao halina chaji ya kuisha.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

Ni mchezo gani ulioupenda ukiwa mtoto, na ni tabia gani ya leo unayoiona ilianzia hapo?

Nani katika boma lenu yuko chini ya skrini, na nani amepanda? Wakiwa wote wawili ndani ya chumba, ongeeni kwa upole.

Kama kuna mtu katika kikundi anayebeti na anataka kuacha, je, mnajua nani wa kumpeleka kwake leo jioni, bila habari kufika senta kesho asubuhi?

Vijana watakutana Jumamosi saa nane mchana ukumbini. Kutakuwa na tivi, padi mbili na chai. Hakuna anayelipa, awe ameshinda au ameshindwa. Mwenye Brick Game ambayo bado inawaka aje nayo, na betri zake.